Jeff Beck na Waliomjibu

Wapenzi wa Jeff Beck, mpiga gitaa wa Uingereza aliyefariki Januari 2023, hawaishi kubishana: bendi ipi ilimfaa zaidi? Wako washikiliao The Yardbirds, alikoingia mwaka 1965 kushika nafasi ya Eric Clapton. Wako wasiotaka ila sahani ya Truth ya mwaka 1968, ambamo sauti ya Rod Stewart na gitaa la Beck hulumbana kama malenga wawili, huyu akifumba, huyu akifumbua. Na wako waliotekwa na Blow by Blow ya mwaka 1975, iliyosimamiwa na George Martin, ya ala tupu.

Mapenzi haya yana upofu wake. Kila kuhama kwa msanii huhesabiwa ushujaa, na hasara husahauliwa. Kundi lake na Stewart lilivunjika mwaka 1969, kabla tu ya tamasha la Woodstock lililokuwa likiwangoja. Malumbano yakakatika yangali mabichi.

Hata hivyo, asikilizaye kwa utuvu ataona kwamba katika Blow by Blow mwimbaji hakutoweka. Nyuzi zinavuta pumzi, zinasita, zinanyamaza panapostahili kimya. Gitaa lililokuwa likijibu sasa ndilo linaloimba. Na sioni lingeimbaje hivyo lisingepata kwanza koo la kushindana nalo.

Basi tumsifu Beck, ila sifa zetu ziwe na vina viwili: kimoja chake, kimoja cha waliomjibu.