Pongezi kwa wakata vito

Ukisimama Igawa, wilayani Mbarali, kwenye barabara kuu iendayo Tunduma, utaona malori ya shaba kutoka Zambia yakipita usiku na mchana. Huko huko Zambia, eneo la Mapatizya, ndiko inakochimbwa amethisto, kito cha zambarau iliyokolea. Wagiriki wa kale waliamini jiwe hili humkinga mtu na ulevi. Maaskofu wakalivaa kwenye pete. Na msomaji wa Biblia hulikuta katika Ufunuo 21.

Heshima yangu, hata hivyo, naipeleka kwa fundi anayelikata. Rangi ya amethisto haienei sawasawa: hukaa kwa matabaka, mara nyingi ikakolea kwenye ncha. Fundi huligeuzageuza jiwe mwangani, akachagua upande wa kutazama juu, akaligandisha kwenye kijiti kwa nta, kisha akalisaga uso mmoja baada ya mwingine. Akikosea pembe, jiwe hupoteza mng'ao. Joto nalo ni la kuogopwa: likizidi, zambarau hugeuka manjano.

Kituo cha Jimolojia Tanzania, Arusha, kinafundisha kazi hii, na miongoni mwa wahitimu wake wamo wanawake wengi. Hongereni sana. Vijana wa Mbarali, nendeni mkajifunze.