Sultani alipanda yeye mwenyewe? Matembezi ya viungo Zanzibar, kwa macho ya mtu wa Likasi



Karibu kila mwaka, kisha kutetea memwari, kuko mmoja wetu anaandika hapa: nikipata kazi, likizo ya kwanza ni Zanzibar. Na picha ni zile zile: mchanga mweupe, mlango wa mbao wenye misumari ya shaba, na mtu anacheka amevaa taji ya majani ya mnazi. Mimi nilifika. Ile taji niliivaa pia. Leo nataka kupima yale matembezi vile tunapimaka kitabu ao filme: yanasema nini, yananyamazia nini, na kama makuta yetu yalienda bure.

Hukumu yangu naitoa mapema. Matembezi ya viungo ya Zanzibar yanafundisha pua na mikono kuliko shule nyingi. Lakini yanagawanya historia moja vipande viwili: utamu wanauweka shambani, uchungu wanauweka mjini, na mgeni anarudi kwao bila kujua kama ni habari moja.

Nilifika kule namna hii. Yaya wangu anauza vitenge, anaendaka Dar es Salaam kuchukua mali. Mwaka jana aliniomba nimsindikize, nimsaidie kuhesabu mizigo. Kontena ikachelewa, tukabaki na siku mbili za bure, tukapanda boti. Pale Unguja tulilipa dola 60 kwa matembezi ya masaa manne, paka sisi wawili, mtembeza wageni na gari yake. Asubuhi mashamba ya viungo upande wa Kizimbani na Kidichi, kisha Mji Mkongwe.

Nianze na sifa, juu zinastahili. Yule kijana hakuanza na hotuba. Alikata jani, akalivunja, akatupa: "Nusa. Ni nini hii?" Mimi, lisansie wa agronomia, nilikosa. Yaya, mwenye aliachaka shule kwa kukosa minerval, akajibu mara moja: mdalasini. Ikawa vile asubuhi yote. Iliki, manjano, pilipili manga, mchaichai: yaya anajua kwa pua ya jikoni, mimi natafuta jina la Kilatini kichwani. Vanila tulisomaka kwenye ubao: familia, jina, nchi zenye kuilima, na mtihani nilipata 14 kwa 20. Siku ile njo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mmea wenyewe. Niliona haya, nawaambia kweli. Kama walimu wetu wangeanza na jani mkononi na swali moja, tungekuwa maajenia wengine.

Kungumanga alilipasua mbele yetu: ndani kuko mbegu, na juu ya mbegu kuko wavu mwekundu sana, njo basibasi. Tunda moja, viungo viwili. Alieleza vizuri. Hakusema kama mkungumanga uko dume na jike, na mkulima anaweza kungoja miaka mingi, mpaka mti utoe maua, ili ajue kama alilisha mti wa kuzaa ao wa bure. Lile ni jambo dogo, namsamehe.

Lakini tulipofika kwenye vanila, nikaanza kusikia mashimo. Alisema: "Huyu ni malkia, hazai bila mkono wa mtu." Akachukua kijiti, akainua ngozi ndogo ndani ya ua, akakandamiza kwa kidole gumba. Wageni wanapiga picha hapo. Ni mkono wa mtu, sawa. Mtu gani? Vanila ni mmea wa Meksiko. Walipoipeleka kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi ilikuwa inatoa maua bila kuzaa, juu wadudu wake walibaki kwao. Mwaka 1841, kwenye kisiwa cha Bourbon, chenye leo kinaitwa Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, njo alionyesha ile kazi ya kijiti na kidole. Mashamba ya vanila ya dunia yalijengwa juu ya kidole chake, na yeye alikufa maskini mwaka 1880. Mtembeza wageni wetu alirudilia kazi ya mikono ya Edmond sawasawa, bila kutaja jina. Kulitaja kungechukua sekunde kumi.

Kisha karafuu, na hapa mashimo yakakuwa makubwa. Alisema: "Sultani Said alileta karafuu, na Zanzibar ikawa kisiwa cha viungo." Sentensi fupi, nzuri, yenye kuingia kichwani. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, kule Indonesia ya leo. Ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ukipita kwenye visiwa vya Wafaransa. Sayyid Said, mwenye alihamisha makao yake kutoka Maskati karibu na 1840, alisukuma watu wapande kwa wingi. Mpaka pale ni kweli. Lakini mtu wa kilimo, akisikia "alileta", lazima aulize kazi. Mkarafuu unaanza kuzaa kisha miaka kama sita ao nane. Chenye tunaita karafuu ni tumba la ua: linachumwa kwa mkono mbele lifunguke. Matumba ya mti mmoja hayakomai siku moja, kwa hiyo mchumaji anaurudilia ule mti mara kadhaa. Kisha kuyatoa kwenye makonyo, kisha kuyaanika juani siku kadhaa, na uzito wenye unabaki ni karibu theluthi moja. Zidisha ile kazi kwa maelfu ya miti. Mikono yote ile ilitoka wapi?

Hakusema. Alitupeleka Kidichi, kwenye nyumba ya kuogea yenye sultani alijengea mke wake wa Kiajemi, karibu na 1850. Tulikaa pale dakika kumi na tano nzima, tukasikia habari ya maji ya moto na mapambo ya ukutani. Ya wenye kuchuma hatukusikia hata moja.

Njo yaya akauliza. Yaya hana diploma, lakini ni mtu wa soko, anajua kama mali haitembei yenyewe. "Kaka, ule sultani, alipanda yeye mwenyewe?"

Kijana akacheka. Akamwangalia. Akaacha kucheka. "Dada yangu, hilo swali wageni hawaniulizi." Akaketi kwenye mzizi wa mti, na tukapata matembezi mengine kabisa. Alituambia kama wenye kupanda na kuchuma walikuwa watumwa, walioletwa kutoka bara. Alituambia juu ya kimbunga cha 1872, chenye kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na ile ya Pemba ikapona, njo maana mpaka leo karafuu nyingi zinatoka Pemba, hazitoki mashamba yenye wageni wanatembezwa. Alituambia kama kisha mapinduzi ya 1964 serikali ilichukua mashamba makubwa na kugawia watu eka tatu tatu. Kama karafuu wanauzia shirika la serikali peke yake. Mjomba wake ni mchumaji kule Pemba, na wakati wa msimu nyumba nzima inaomba Mungu, juu matawi yanavunjika na mtu yuko juu.

Alijua yote. Lile njo lilinishangaza. Nilikuwa tayari kuandika kama watembeza wageni hawajui historia yao. Haina vile. Huyu anaijua kuliko mimi. Anaiacha kwa kusudi.

Nilimuuliza sababu. Alijibu bila kujificha: "Mgeni ana masaa manne, na yuko likizo. Nikimpa watumwa kwenye karafuu, uso unabadilika, na bakshishi inabadilika. Habari ya utumwa ipo mjini, ina mahali pake."

Ina mahali pake. Na kweli, ile alasiri tulifika mahali pake: kanisa kubwa la Waanglikana, lenye lilijengwa pale soko la watumwa lilikuwa, kisha soko kufungwa mwaka 1873. Pale sauti ya mtembeza wageni ikashuka, wageni wakatoa kofia. Ni heshima ya kweli, sisemi kinyume. Lakini ona vile mambo yamepangwa. Asubuhi tumenusa karafuu tukicheka, na kijana mmoja akapanda mnazi kwa kamba miguuni akiimba ule wimbo wa kukaribisha wageni, wenye hata si wa kisiwa, ni wa bendi ya Them Mushrooms ya Kenya. Alasiri tumehuzunika. Hakuna mtu anatuambia kama wengi wenye waliuzwa hapa walipelekwa kule tulitoka asubuhi. Ni safari ya dakika chache kwa gari, lakini ndani ya matembezi ile njia imekatwa.

Na sisi watu wa Katanga tuko ndani ya ile njia. Upande wa Shangani tulionyeshwa mlango wa nyumba ya Tippu Tip. "Mfanyabiashara maarufu," ni hivyo tu. Huyu Hamed bin Muhammed njo aliyejaza misafara ya pembe na watu kutoka Maniema, na mwaka 1887 Leopold akamfanya gavana wa Stanley Falls. Yaya akasimama mbele ya ule mlango, akasema polepole: "Tumelipa makuta juu watuonyeshe mlango wa mwenye aliuza bankambo."

Sikumjibu mara moja, juu jibu si rahisi. Msiri wa Bunkeya, mwenye tunafundishwa kama shujaa wetu, naye aliuza watu na shaba na pembe, upande wa pwani hii na upande wa Angola. Na msafara wa Stairs, wenye uliingia kwake mwaka 1891, yeye akauawa na Katanga ikaangukia Leopold, uliondokea Zanzibar, na wapagazi wake wengi walichukuliwa kule kule. Hata hii lugha ninaandika nayo ilipita njia za misafara, mbele kampuni za migodi ziisambaze. Kwa hiyo Zanzibar si kisiwa cha mbali cha likizo. Kwa mtu wa Likasi ni ukurasa wenye ulipasuliwa ndani ya kitabu chake mwenyewe.

Je, yule kijana ana kosa? Neno lake la bakshishi ni la kweli, na mimi mwenye sina mshahara sitamcheka mtu mwenye anatafuta wake. Lakini hesabu yake ina shimo. Anadhani ukweli unahitaji saa nzima na machozi. Yeye mwenyewe alituonyesha kinyume: chini ya mti, dakika kumi, bila kulia, na zile dakika kumi njo tunakumbuka. Sihitaji matembezi yawe mazishi. Nataka neno "mtumwa" litamkwe karibu na karafuu, na jina la Edmond karibu na vanila, kisha tuendelee kunusa. Harufu haitapungua.

Kwa hiyo, mwenye anapanga kwenda, aende. Alipe matembezi ya peke yake kama anaweza, juu ndani ya basi la watu ishirini yaya asingepata nafasi ya kuuliza. Na aulize mapema, shambani, asingoje mjini.

Sasa neno la mwisho, na ni la kwetu. Wengi wenu munajua kama wenzetu wawili wanatayarisha proje ya kutembeza wageni hapa Likasi: nyumba za zamani za Jadotville, mawe ya malakiti, ziwa la Tshangalele kule Lufira. Waliniomba niandike maneno ya mtembeza wageni. Niliyaandika mbele ya safari, nikajisifu. Niliporudi niliyasoma tena. Sentensi ya kwanza ilisema: "Union Minière ilijenga mji huu." Fupi, nzuri, yenye kuingia kichwani. Na juu ya Shinkolobwe, kilometa kama 20 kutoka hapa, niliandika kama uranyumu yake iliingia ndani ya bomu la Hiroshima, vile mtu anajisifia mtoto wake. Nani aliitoa chini, na kwa mikono gani, hapana. Bakrezere wenye tunapishana nao kila asubuhi na mifuko mgongoni, hata kidogo.

Sultani alileta karafuu. Union Minière ilijenga mji. Ni sentensi moja.

Nimeifuta. Mahali pake nataka kuweka majina na kazi: huyu alitoka Kasai, huyu Rwanda, huyu alikuwa kwenye tanuru pale Panda, huyu Shituru. Najua ya babu yangu peke yake, na yenyewe nusu. Wenye bankambo wenu walifanya kazi pale, niandikieni: walitoka wapi, waliitwa nani, walifanya nini. Mgeni wa kwanza akifika, yaya atakuwa ndani ya gari, na mimi najua swali lenye atauliza.