Debian 12 imewaka, Wi-Fi haipo
Seva imepandishwa kutoka Debian 11 hadi 12, imewashwa upya na imewaka vizuri, lakini kadi ya Wi-Fi haionekani. Draiva yake haimo ndani ya kerneli, ilikompailiwa pembeni. Kerneli nayo imeruka kutoka 5.10 hadi 6.1. Wengi hukimbilia kusakinisha draiva upya. Mimi huanza na `uname -r`, kisha `ls /lib/modules`, maana tatizo hili lina sura kadhaa na kila moja ina dawa yake.

`modprobe` ikisema moduli haipatikani ndani ya saraka ya 6.1, hapo matoleo hayajagongana bado: moduli ya kerneli mpya haijatengenezwa kabisa. Ile ya zamani imebaki katika saraka ya 5.10, ambako kerneli mpya haitazami. Mtu akiinakili kwa mkono na kujaribu kuipakia, `dmesg` humjibu: `disagrees about version of symbol module_layout`.

Jibu hilo lisomwe kwa makini. Kerneli ya Debian hujengwa na MODVERSIONS, yaani kila funkisheni au data ambayo moduli zinaruhusiwa kuitumia hupewa namba ya ukaguzi, inayokokotolewa kutokana na aina za data inazozigusa. Moduli huhifadhi namba ilizozikuta ilipokompailiwa, na zikitofautiana inakataliwa. Kwa hiyo toleo lililoandikwa juu ya moduli silo linaloamua. Moduli ya toleo moja la 6.1 inaweza kupokewa na toleo jingine la 6.1 iwapo namba hizo hazijabadilika. `modprobe --force` huondoa kinga hii. Moduli inaweza kuandika kwenye kumbukumbu mahali ambapo pameshahamishwa, na data za diskini zinaweza kuharibika. Kwenye mashine yenye kazi za watu, amri hiyo isiguswe hata kwa majaribio.

Sasa, kwa nini DKMS, iliyobuniwa Dell ili kukompaili moduli upya kila kerneli mpya inapoingia, haikufanya kazi yake? `dkms status` inataja 5.10 peke yake. Chanzo ni hedaa za kerneli. Aliyesakinisha mwanzoni alitumia `linux-headers-$(uname -r)`, kifurushi kilichofungwa na toleo moja tu. Kerneli mpya ilikuja na `linux-image-amd64`, hedaa zake hazikuwa na wa kuzileta. DKMS ikikosa hedaa huiruka kerneli hiyo, na upandishaji unaendelea hadi mwisho. Sakinisha `linux-headers-amd64`, kisha endesha `dkms autoinstall`.

Ukompaili ukikwama, fungua `make.log` chini ya `/var/lib/dkms` utafute kosa la kwanza; yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake. Kwa mfano, funkisheni `PDE_DATA` iligeuzwa jina kuwa `pde_data` katika 5.17, na `netif_rx_ni` iliondolewa katika 5.18. Msimbo wa draiva ulioandikwa kwa 5.10 hauyajui hayo, hivyo tafuta msimbo mpya zaidi.

Likija `Key was rejected by service`, toleo halina kosa: Secure Boot haiutambui ufunguo uliotia saini moduli, na `mokutil` ndiyo ya kuusajili.

Mwisho, linganisha `modinfo -F vermagic` ya moduli na `uname -r`. Kerneli ya 5.10 usiiondoe kwenye menyu ya GRUB hadi Wi-Fi irudi yenyewe baada ya kuwasha upya.