Kete Haina Uso: Gemu la Vita la Mtandaoni na Swali la Kisa

Utangulizi

Kuna ubishi unaoendelea miongoni mwa wanafunzi, nao unastahili kuletwa katika kurasa hizi. Wengi wetu tunacheza magemu ya vita ya mtandaoni: PUBG Mobile, Free Fire, Call of Duty: Mobile. Utaratibu wake unafahamika. Katika PUBG watu 100 wanashuka kisiwani kwa miavuli, kila mmoja anaokota silaha atakayoikuta, eneo la usalama linazidi kubana, na atakayebaki hai mwishoni ndiye mshindi. Free Fire inafanya hivyo hivyo kwa watu 50, tena kwa dakika kumi hivi. Basi. Ukimaliza unaanza upya, kana kwamba hakuna aliyekufa.

Sasa wapo wanaodai kuwa magemu ya namna hii yaongezewe sehemu ya mchezaji mmoja, yaani kisa chenye mwanzo, kati na mwisho, ambacho wachezaji wenyewe hukiita kampeni (siyo ile ya uchaguzi). Na wapo wanaowacheka: eti kisa cha nini? Anayetaka hadithi si akasome riwaya?

Ndugu msomaji anaweza kushangaa jambo hili linaingiaje katika jarida la uhakiki wa fasihi. Linaingia moja kwa moja. Kinachobishaniwa hapa ni kama sanaa iliyokwisha kuwa na wahusika na mandhari inaweza kukaa bila msuko. Makala haya yanashikilia kwamba haiwezi, na kwamba kampeni inahitajika. Hata hivyo, yanatofautiana na wanaoitaka kwa ajili ya burudani zaidi. Burudani ipo tele. Kinachokosekana ni kitu kingine.

Hoja za wanaopinga

Haifai kuwapuuza wanaopinga, maana hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni ya bao. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na watu wamelicheza vizazi na vizazi bila kudai kisa. Hakuna mzee aliyewahi kuinuka barazani akalalamika kuwa hajui kete zimetoka wapi na zinapigania nini. Utamu wa bao uko katika akili za wawili wanaokabiliana.

Hoja ya pili ni kwamba mchezo wa wengi hutunga visa vyake wenyewe. Wasikilize vijana baada ya mchezo: "Nilijibanza bafuni, nikamsikia anapanda ngazi, nikasema leo nimekwisha, kumbe na yeye risasi zimemwishia!" Hii ni fasihi simulizi kamili. Ina fanani, hadhira, taharuki, na chumvi ya kutosha. Mtunzi gani atawapa kisa kizuri kuliko hicho walichojitungia?

Hoja ya tatu ni ya biashara. Magemu haya kuyapakua ni bure. Kampuni hupata fedha kwa kuuza mavazi na mapambo ya silaha. Kampeni ni gharama kubwa, mchezaji anaimaliza kwa saa chache, halafu haimfanyi anunue vazi jipya. Mwaka 2018 Call of Duty: Black Ops 4 ilitoka bila kampeni ya kawaida. Kampuni ya Blizzard ilitangaza Overwatch 2 mwaka 2019 kwa ahadi ya sehemu kubwa yenye kisa, lakini Mei 2023 ikatangaza kuwa sehemu kuu ya ahadi hiyo imefutwa.

Kete na uso

Tuanze na bao, maana ndilo linalotumiwa zaidi kunyamazisha watu. Ni kweli bao halihitaji kisa. Lakini kwa nini halihitaji? Kwa sababu kete haina uso. Ni komwe tu, na ikiliwa haijadaiwa kuwa mtu ameuawa. Bao lina hata shimo linaloitwa nyumba, ila hakuna anayeuliza nani alilala humo, kwa kuwa hakuna aliyechora kitanda.

Sasa nenda Erangel, kisiwa cha kwanza cha PUBG. Humo mna nyumba zenye vyumba, meza na mabafu. Mna shule isiyo na mwanafunzi hata mmoja. Mna hospitali isiyo na mgonjwa wala mganga. Unaingia katika chumba cha mtu, unaokota bunduki sakafuni, unachungulia dirishani umwone wa kumpiga. Huulizi mwenye nyumba yuko wapi, na gemu lenyewe halikuulizi.

Hapa ndipo ulipo msingi wa makala haya. Aliyechora hospitali amekwisha anza kusimulia. Aliyempa mpiganaji uso, mwendo na kilio cha maumivu amekwisha toka katika bao na kuingia katika masimulizi, apende asipende. Mandhari katika fasihi hayawi pambo. Yanatuambia nani anaishi pale na kwa hali gani. Gemu linalotuonyesha makazi bila wakazi limeanza hadithi, likaikatiza pale ambapo ingelazimika kujieleza.

Watengenezaji wenyewe wameliona pengo hilo. Mwaka 2019 PUBG ilitangazwa kwa filamu fupi iliyosimulia kisa cha mtoto aliyenusurika maangamizi ya Erangel. Kumbe kulikuwa na watu! Ila kisa hicho kimekaa nje ya mchezo, katika tangazo. Anayecheza anaweza kumaliza miaka yote bila kukutana na mtoto huyo.

Namba ilibaki, majina yakaondoka

Asili ya magemu haya inatufundisha zaidi. Brendan Greene, mbunifu wa PUBG, alichota wazo lake katika filamu ya Kijapani iitwayo Battle Royale ya mwaka 2000, iliyotokana na riwaya ya Koushun Takami ya mwaka 1999. Katika riwaya hiyo serikali ya kidikteta inalichukua darasa la wanafunzi 42, inawapeleka kisiwani na kuwalazimisha wauane hadi abaki mmoja. Kadiri riwaya inavyoendelea, msomaji huhesabiwa idadi ya waliobaki.

Lakini Takami hakuishia kwenye hesabu. Kila mwanafunzi ana jina, ana aliyempenda, ana kinachomtisha. Msomaji anapoambiwa idadi imepungua, anajua imempunguza nani. Na juu ya wote kuna dola iliyowaweka pale, ambayo ndiyo mshitakiwa hasa wa riwaya. Gemu lilipokuja kuazima, lilichukua kisiwa, silaha, eneo linalobana na ile hesabu ya waliobaki. Namba imo hadi leo juu ya kioo cha simu. Majina yameachwa (yale ya kujibandika hayahesabiki), na dola imeachwa pia. Riwaya iliyowashutumu walioandaa mauaji imegeuka kuwa mauaji yasiyo na mwandaaji, na mshindi anapewa pongezi za kuku wa chakula cha jioni.

Watunzi wetu wa tenzi walilielewa hili zamani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utenzi wa vita vya Wadachi katika Mrima, hakuishia kutaja mizinga. Alitaja watu wa pande zote mbili kwa majina yao, na miji wanakotoka. Ndiyo maana tunaweza kubishana naye mpaka leo kuhusu msimamo wake. Na gemu lisilo na msimamo utabishana nalo vipi?

Kuhusu zile simulizi za vijana baada ya mchezo, ni tamu kweli. Lakini ziangalie vizuri: mhusika ni "mimi" tu. Adui hatajwi isipokuwa kama kizuizi. Hiyo ni majigambo, nayo ni tanzu halali ya fasihi simulizi. Ila katika majigambo ya kale hadhira ilikuwa inamjua aliyeshindwa, na pengine ndugu zake walikuwa wamekaa pale pale wakisikiliza.

Kufaulu na kutofaulu

Je, kampeni yoyote itatufaa? Hapana. Star Wars Battlefront ya mwaka 2015 ililaumiwa kwa kukosa kampeni, na toleo la pili la mwaka 2017 likaiweka. Tuliahidiwa kuiona vita kwa macho ya Iden Versio, askari wa upande wa dhalimu. Jambo zuri sana! Lakini baada ya sehemu chache tu Iden anahamia upande wa wema, na ule mgogoro wa nafsi tuliousubiri ukaisha kabla haujaiva. Hapo watengenezaji wamefaulu kuweka kisa na wameshindwa kukibeba.

Karibu na kwetu kuna Nairobi X, gemu la mwaka 2015 la Andrew Kaggia wa Kenya. Mji ni wetu, na kisa kipo. Adui, hata hivyo, ni viumbe waliovamia kutoka nje ya dunia. Kwa hiyo mhusika mkuu anapiga risasi bila kuulizwa lolote. Tunampongeza mtunzi kwa mandhari ya nyumbani, lakini lile tatizo la uso limekwepwa.

Aliyelikaribia zaidi ni Battlefield 1 ya mwaka 2016, iliyohusu Vita Kuu ya Kwanza. Sehemu yake ya ufunguzi inakuweka katika mapigano usiyoweza kuyashinda. Ukifa, jina la askari yule linaandikwa kwenye kioo pamoja na mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa, halafu unahamishiwa kwa mwingine, naye atakufa. Ni mbinu rahisi mno, na imerudisha kile ambacho PUBG ilikiacha.

Tuangalie kwetu: mfano wa Karema

Lakini Battlefield 1 nayo ina pengo, na pengo hilo linatuhusu. Vita vile vilipiganwa hapa pia. Kampeni yake inazunguka Ulaya, Gallipoli na Arabuni. Afrika Mashariki haimo kabisa. Basi tuchukue mahali pamoja tupapime: Karema, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini.

Kwanza kuna jambo la kawaida kabisa. Gemu la wengi linadai mtandao wenye nguvu na bando lisilokatika. Mchezaji wa mwambao kama huo akipungukiwa na kimojawapo, anakufa kabla hajamwona aliyempiga. Kampeni nyingi huchezeka bila mtandao. Kumnyima kampeni ni kumwambia kuwa sanaa hii ni ya watu wa karibu na mnara.

La pili ni zito zaidi. Karema kuna kila kitu ambacho Erangel imekiigiza, ila chenye wenyewe. Ngome ilianzishwa pale mwaka 1879 na Cambier, Mbelgiji, kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold II, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika. Kulikuwa na mganga: Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani utotoni huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akawatibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Na ziwani kulikuwa na meli ya vita ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliyozamishwa na wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikawafaa watu wa mwambao huu kwa miongo mingi kwa jina la Liemba.

Sasa fikiria kampuni ya nje imekubali kutunga kampeni ya Ziwa Tanganyika. Mhusika mkuu atakuwa nani? Tunaweza kubahatisha bila shida: ofisa wa Kiingereza Spicer-Simson, aliyeletwa ziwani mwaka 1915 na boti zake mbili, Mimi na Toutou. Waafrika waliofyeka njia na kusaidia kuzivuta boti hizo nchi kavu watakuwa watu wa nyuma ya picha, kama nyumba za Erangel. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, na jina la kikosi chao kwa upande wa Waingereza ndilo lililobaki Kariakoo, sokoni kule kule tunakonunulia simu za kuchezea magemu. Hakuna aliyewahi kucheza kama mpagazi.

Kwa hiyo swali la "iwepo kampeni au isiwepo" halitoshi. Kila kisa kina mtu aliyewekwa mbele na watu waliosukumwa nyuma. Kampeni ya mpagazi, au ya mganga ambaye kazi yake ni kuwahesabu waliojeruhiwa wa pande zote, ingemlazimisha mchezaji ajue bei ya kila risasi. Ingechosha? Labda, lakini hata riwaya nzuri zina kurasa zinazochosha.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba gemu la vita la mtandaoni si bao, kwa kuwa limewapa watu sura na limewajengea nyumba. Likiwa hivyo, linadaiwa kisa. Sehemu ya wengi ibaki. Ina utamu wake, na hatuna haja ya kuwaharibia watu starehe. Lakini kando yake iwepo sehemu ambamo mchezaji yuko peke yake na yule aliyemuua, na anajua anaitwa nani.

Kazi hiyo haitafanywa na kampuni za mbali, nazo hazijaahidi. Wenzetu wa kompyuta wanajua kuandika programu, na sisi tunadai kujua msuko, wahusika na mandhari. Mpaka sasa hatujakaa meza moja. Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa wale wa bao, wanakaribishwa watujibu katika toleo lijalo.