Kukipima Kifaru cha Faina Ukiwa Ngao

Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya aina ya T-72 tumboni. Serikali ya Kenya ilisema vifaru hivyo ni vya jeshi lake. Meli iliachiliwa tarehe 5 Februari 2009 baada ya fidia kulipwa, ikafika Mombasa wiki moja baadaye, na shehena ikashushwa. Julai mwaka huohuo wachambuzi wa masuala ya kijeshi wa Jane's wakatumia picha za setilaiti kufuatilia safari ya vifaru kuelekea Sudan Kusini, na Desemba 2010 nyaraka za kibalozi za Marekani zilizofichuliwa na WikiLeaks zikaonyesha kwamba Washington ilijua kitambo shehena ile ilikuwa ya serikali ya Sudan Kusini mjini Juba.

Kisa hicho ndicho ninachokitengenezea filamu fupi ya uhuishaji hapa Ngao, karibu na Mto Tana, na mhusika wake mkuu ni kifaru. Blender, programu ninayotumia kukijenga, haiuzwi, na mafunzo yake yamejaa mtandaoni kwa mwenye bando. Kazi iliyonila muda ni kutafuta vipimo. Modeli iliyokosewa upana kwa sentimita kumi hugundulika hata na asiyejua lolote kuhusu vita: jicho lake huona kwamba kitu hakijakaa sawa, ingawa hawezi kusema ni kipi.

Ngao hakuna makumbusho ya kijeshi. T-72 ambayo raia anaweza kuisogelea na kuigusa iko mbali, kwa mfano Kubinka nje ya Moscow au Bovington Uingereza. Msafara wa jeshi ukipita Garsen kuelekea Lamu, simu inabaki mfukoni. Kambi na magari ya kijeshi si vitu vya kupigapiga picha, na sioni modeli inayostahili kumtia mtu matatani. Kwa hiyo nilibaki na maandishi, michoro na picha zilizokwisha kuchapishwa.

Anza na urefu, uone mambo yanavyoanza kuyumba. Chanzo kimoja kitakwambia bodi ya T-72 ina mita 6.67, cha pili 6.86, cha tatu 6.95. Upana nao huandikwa mita 3.37, 3.46 au 3.59. Kimo ni 2.19 au 2.23. Mgeni wa kazi hii huchukua wastani, na hapo ndipo anapoharibu, kwa sababu wastani wa nambari hizo si kipimo cha kifaru chochote kilichowahi kutoka kiwandani. Kila nambari inaweza kuwa sahihi kwa kitu ilichokipima. Mwulize mchongaji wa mitumbwi wa Mto Tana urefu wa chombo chake, naye atataka kwanza kujua unauliza wa nje, ncha hadi ncha, au wa ndani anapokaa abiria. Bodi ya kifaru inaweza kupimwa chuma kitupu, au pamoja na madigadi ya mbele na nyuma, au pamoja na vitu vilivyofungwa mgongoni. T-72 mara nyingi hubeba mapipa mawili ya mafuta nyuma, na mapipa hayo hurefusha kifaru bila kubadilisha hata milimita moja ya bodi. Isitoshe, T-72 ni jina la ukoo mzima: kuna matoleo ya miaka ya 1970, kuna ya kuuzwa nje, kuna yaliyovikwa matofali ya baruti ya kujikinga. Mabati ya pembeni ya toleo moja si ya jingine.

Nilichofanya ni kuacha kuuliza nambari ipi ni ya kweli, nikaanza kutafuta nambari zinazoweza kutoleana ushahidi. Upana ndio mfano mzuri zaidi. Takwimu za kiufundi za T-72 hutaja umbali kutoka katikati ya mnyororo mmoja hadi katikati ya mwingine: milimita 2,790. Mahali pengine kabisa utakuta upana wa mnyororo wenyewe: 580. Ukitoka katikati ya mnyororo hadi ukingo wake wa nje ni nusu ya 580, na kwa pande mbili nusu hizo zinakuwa 580 kamili. Jumlisha: 2,790 na 580 ni 3,370. Hiyo ndiyo mita 3.37 iliyokuwa ikionekana kupingana na wenzake. Sasa najua ni kipimo cha kutoka ukingo wa nje wa mnyororo hadi mwingine, na kwamba 3.46 na 3.59 zimehesabu pia mabati na vikingio vya pembeni. Nambari tatu zilizokuwa zikigombana zimepata kila moja mahali pake kwenye mchoro.

Mzinga nao husaidia. Kipenyo chake cha ndani ni milimita 125 na mtutu una urefu wa vipenyo 48, yaani mita 6 kamili. Hakuna mabati wala mapipa yanayourefusha mtutu, kwa hiyo mita hizo 6 ni za kutegemewa zaidi.

Baada ya hapo ndipo picha zinapofaa, na si kabla. Kwenye picha ya ubavuni natafuta gurudumu. T-72 ina magurudumu sita kila upande, na kila moja lina kipenyo cha milimita 750. Tuseme kwenye skrini gurudumu lina kimo cha pikseli 150. Pikseli moja basi ni milimita 5. Lakini tazama upana wa gurudumu hilohilo. Ukikuta ni pikseli 148, duara limebanwa kidogo, maana yake mpiga picha hakusimama sawasawa na ubavu. Amekwenda upande kwa nyuzi 9 hivi. Kwa macho huwezi kuliona hilo. Ukipima sehemu ya mnyororo inayokanyaga ardhi kwa kutumia kimo cha gurudumu, utapata milimita 4,213, ilhali kipimo kinachotajwa ni 4,270. Pima mlalo kwa mlalo, 750 kwa pikseli 148, nayo 4,270 inarudi. Tangu nilipoanza kufanya hivyo, picha nyingi nilizokuwa nimezitilia shaka zimekubali kutumika.

Picha za bandarini zina mtego wao. Kontena la futi 20 lina urefu wa milimita 6,058, upana wa 2,438 na, kwa kawaida, kimo cha 2,591, dunia nzima, na Mombasa yamejaa kila pembe. Ukiona kifaru kimesimama mbele ya kontena unadhani umepata rula. Kumbe kontena likiwa mita 50 kutoka kwenye kamera na kifaru mita 40, rula yako imesinyaa kwa moja ya tano, na bodi ya mita 6.86 itatoka na urefu wa mita 8.6 hivi. Kontena linafaa tu likiwa sambamba na kifaru, umbali uleule kutoka kwenye kamera. Vinginevyo litumie kwa kazi nyingine: kingo zake zilizonyooka huiwezesha programu ya fSpy kukisia kamera ilisimama wapi na lenzi ilikuwa ya namna gani, kisha Blender ikaiweka kamera yako papo hapo.

Vifaru vya plastiki vya kuunganisha sivitegemei, ingawa wengi huvipima kwa kalipa wakidhani wamefika. Kipimo cha 1/35 kilichoenea duniani kilianzia Tamiya ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960, walipotengeneza kifaru cha Panther chenye ukubwa wa kutosha kubeba betri ndani. Ni historia ninayoipenda. Lakini mnyororo wa T-72 kwa kipimo hicho una milimita 16.6 tu, na kosa la nusu milimita kwenye plastiki ni karibu sentimita 2 kwenye chuma.

Kwa nini mtu ajisumbue hivi? Kwa Faina jibu liko wazi kabisa. Mwaka 2009 picha bora za setilaiti zilizouzwa kibiashara zilikuwa na pikseli ya takriban nusu mita. T-55, kifaru cha zamani kilichozagaa katika majeshi ya Afrika, kina bodi ya mita 6.2 hivi, sawa na pikseli 12 na kitu. T-72 ya mita 6.86 ni karibu pikseli 14. Kwa upana, tofauti haifiki hata pikseli moja. Serikali inasema hili, shehena inasema lile, na kati yao kuna pikseli moja na ushee. Anayetaka kusema kwa uhakika kile kilicho chini ya turubai porini lazima awe na vipimo visivyoyumba, na ajue pia mzinga unachomoza kiasi gani na kichwa cha kifaru kimekaa wapi juu ya bodi. Modeli iliyojengwa kwa wastani wa nambari za mtandaoni haiwezi kumsaidia, na inaweza kumpoteza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo karibu kila modeli niliyoiona hulikosea. Vyuma vya springi vya T-72 hupita chini ya sakafu kutoka ubavu hadi ubavu, kimoja nyuma ya kingine, kwa hiyo magurudumu ya kushoto hayatazamani sawasawa na ya kulia. Anayejenga upande mmoja kisha akaugeuza kwa kioo cha programu amepata kifaru ambacho hakipo. Pande mbili lazima zipimwe kila mmoja kwa picha zake.

Jaribio la mwisho ni la mnyororo. Mpya una vipande 97, na kutoka pini hadi pini ni milimita 137. Jumla mita 13.29. Nachora njia yake kuzunguka magurudumu yote, kuanzia lile la meno la nyuma hadi la mbele, kisha naiuliza Blender urefu wa mstari. Ukitoka mita 13.6, gurudumu fulani haliko mahali pake, na narudi kwenye picha. Ukikaribia 13.29 bado nina uhuru mdogo, kwa sababu gurudumu la mbele limewekwa kwenye mkono unaosogezwa ili kukaza mnyororo unapolegea. Halina kipimo kimoja, lina masafa. Kwenye faili yangu nimeliacha lisogee ndani ya masafa hayo, na mnyororo nimeulegeza kidogo, kama unavyoonekana kwenye vifaru vilivyotembea.