Brashi Isiyo na Rangi

Niliitwa kushika kioo tu. Binti wa shangazi alikuwa anaolewa, na chumba alimopambiwa kipo Dunga, Kisumu, dirisha likitazama mafunjo na ziwa. Nikasahau kioo, nikabaki kuutazama mkono wa mpambaji.

Hakuanza na rangi. Alipangusa mafuta kwenye kope, akapaka konsila nyembamba, akaigongagonga kwa kidole cha pete, akasubiri ikauke. Kwa joto la Kisumu, kope yenye mafuta huikusanya rangi yote kwenye mkunjo kabla hata bibi harusi hajafika kanisani. Mashavu hakuyagusa. Macho kwanza, alisema, maana unga lazima udondoke, na shavu tupu hupanguswa bila hasara.

Akachagua brashi laini yenye manyoya mengi, kichwa chake mviringo. Akaichovya kidogo kwenye kahawia iliyokolea kuliko ngozi ya bibi harusi kwa kiasi kidogo tu, akaigonga ukingoni mwa paleti. “Dada, nitazame mimi. Usifunge macho.” Ukipaka mkunjo jicho likiwa limefungwa, likifunguka rangi yote inamezwa. Aliiweka juu kidogo ya mkunjo, ameshika mpini mwishoni kabisa ili mkono usilemee, akaenda na kurudi kama vaipa ya gari.

Kisha akaiweka chini, akachukua nyingine ya umbo lile lile, safi, haina rangi hata chembe. Kwa brashi hiyo alifanya kazi ndefu kuliko zote. Hakuongeza kitu. Alizungusha viduara vidogo kwenye ukingo wa ile kahawia, polepole, mpaka ukingo ukatoweka usijue rangi imeishia wapi. Mimi ningeongeza rangi. Yeye aliiondoa kwa subira, na jicho likaingia ndani kana kwamba ndivyo lilivyoumbwa.

Mafundi wa Kumano, mji wa Japani uliozoea kutengeneza brashi za kuandikia kabla ya hizi za urembo, hawakati ncha za manyoya ili kuzisawazisha. Huyapanga kwa mkono, ncha ya asili ndiyo iguse ngozi. Siku ile nilielewa kwa nini wanajisumbua hivyo.

Rangi ya shaba alikuja nayo mwisho, kwa brashi bapa aliyoilowesha kidogo. Hakusugua, alibandika. Chembe zake za mika zikilala bapa hurudisha mwanga pamoja, ukizisugua hutawanyika. Rangi nyeupe ya kutanguliza hakuitumia kabisa, na namsifu kwa hilo, kwani kwenye ngozi nyeusi kama ya kwetu huacha majivu.

Kabla ya jicho la pili akamtoa bibi harusi nje. Dunga iko karibu kabisa na ikweta, na jua la mchana likisimama utosini nyusi zenyewe hutia macho kivuli. Aliitazama kazi kwenye mwanga ule mkali wa ziwa, akarudi ndani, akapunguza giza la kona ya nje kwa ile brashi tupu.

Msafara ulipoondoka mpambaji alibaki akiosha brashi zake kwenye karai, kwa sabuni, vichwa vikielekea chini, maana maji yakipanda shingoni gundi hulegea. Akazikamua kwa vidole, akazirudishia umbo moja moja, akazilaza ukingoni mwa meza, manyoya yakining’inia hewani kuelekea upepo wa ziwa.