Gazeti Baada ya Simujanja: Uhakiki wa Habari za Mtandaoni kuhusu Morogoro na Milima ya Uluguru

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu magazeti ya Kiswahili na mtandao umetawaliwa kwa muda mrefu na swali moja: je, gazeti la karatasi litakufa? Swali hilo lina msingi. Mwanzoni mwa mwaka 2021 kampuni ya New Habari (2006) ilisitisha uchapaji wa Mtanzania, Rai, Bingwa na Dimba, na meza za wauzaji wa magazeti zikapungukiwa. Hata hivyo, swali hilo linahusu zaidi uhai wa kampuni kuliko kazi ya gazeti. Makala haya yanauliza swali jingine: gazeti lilipohamia mtandaoni lilihama na kazi ipi, na ni kazi ipi iliyoachwa njiani?

Jibu linatafutwa Morogoro kwa sababu mbili. Kwanza, magazeti makubwa ya Kiswahili yanayosomwa mkoani humo, yakiwamo Mwananchi, HabariLeo, Nipashe na Uhuru, huhaririwa Dar es Salaam, takribani kilomita 190 kwa barabara. Gazeti la mahali, kwa Morogoro, ni zile safu zinazojazwa na mwandishi wa mkoani ndani ya gazeti la taifa. Pili, jiografia ya Morogoro hutenganisha kwa uwazi kinachoonekana na kisichoonekana. Chini ipo barabara kuu inayogawanyika kuelekea Dodoma na Iringa. Juu yake ipo milima ya Uluguru, yenye vijiji vya Kinole, Matombo na Mgeta, ambako ndizi, nanasi, viungo na mboga hushuka kila siku kwenda sokoni huku waandishi wakipanda mara chache.

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Ulinzi wa Lango, iliyopata umaarufu katika taaluma ya habari kupitia utafiti wa David Manning White wa mwaka 1950. Kwa mujibu wa nadharia hii, mhariri ni mlinzi anayeamua habari ipi ipite na ipi ibaki nje. Wapo wanaodai kwamba simujanja imevunja lango hilo. Hoja ya makala haya ni kwamba lango limehama tu. Lilikuwa katika uteuzi wa tukio. Sasa lipo katika umbo la sentensi, yaani katika kuamua nani awe mtenda na nani awe mtendwa.

2.0 Ukurasa wa Mbele kama Gazeti Zima

Kabla ya mtandao, gazeti la Kiswahili lilikwisha kuwa na wasomaji wengi kuliko wanunuzi. Watu husimama mbele ya meza ya muuzaji wakasoma vichwa vya habari, wakabishana, kisha wakaenda zao. Redio na televisheni ziliikuza desturi hiyo kwa vipindi vya asubuhi vya kupitia magazeti, hata mwaka 2017 Serikali ikavitaka vituo viishie kwenye vichwa vya habari badala ya kusoma habari nzima, kwa hoja kwamba wasikilizaji wangeacha kununua nakala.

Mtandao uliirithi desturi hiyo. Kinachosambaa katika makundi ya WhatsApp kila alfajiri ni picha ya ukurasa wa mbele, na mara nyingi makala yenyewe haiongozani nayo. Kwa hiyo dai kwamba magazeti ya Tanzania yalichelewa kuingia katika utamaduni wa dijiti halina uzito. Ukurasa wa mbele uliingia mapema na kwa urahisi, kwa sababu tayari ulikuwa umbo la kutazamwa kwa kusimama. Kilichobaki nyuma ni kurasa za ndani, na habari za mikoani hukaa humo. Msomaji wa Mkuyuni anayepokea picha ya ukurasa wa mbele kwenye simu yake anapokea gazeti ambalo sehemu inayomhusu imekatwa.

3.0 Msamvu, Agosti 2019

Tukio lililoupima uandishi wa habari wa Morogoro kuliko mengine ya miaka ya karibuni ni mlipuko wa lori la mafuta uliotokea Msamvu asubuhi ya Jumamosi, Agosti 10, 2019. Lori lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli iliyomwagika, kisha moto ukawaka. Waliotajwa kufa siku ile ile walizidi 50. Kabla ya mwezi kwisha idadi ilikuwa imepita 100. Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza mazishi katika makaburi ya Kola, na majeruhi kadhaa walihamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Magazeti ya Jumamosi yalikuwa yamekwisha kuchapwa lori lilipopinduka. Nakala za kwanza ambazo zingeweza kubeba habari hiyo zilikuwa za Jumapili, na kufikia wakati huo picha za video zilizopigwa na waliokuwapo zilikuwa zimeenea nchini na nje ya nchi. Kwa kipimo cha kasi, gazeti lilishindwa kabla halijaanza. Lakini video zile zilionyesha moto na miili bila kuwataja waliokufa. Hazikueleza ndugu aende hospitali gani, mwili usiotambulika ungetambuliwaje kwa vinasaba, wala ni nani aliyezikwa kabla familia yake haijafika. Katika mambo hayo taarifa za waandishi zilikuwa na manufaa ambayo simu ya mpita njia haikuwa nayo, na haki inadai jambo hilo lisemwe kabla ya lawama yoyote.

Udhaifu ulijitokeza katika msamiati. Mazungumzo ya umma kuhusu waliokufa yaligawanyika kati ya vitenzi viwili: kuchota na kuiba. Kuchota ni kitenzi cha kisima na mto. Hubeba haja ya mtu na chombo chake. Kuiba ni kitenzi cha polisi na mahakama. Humtia mtu hatiani kabla hajatajwa jina. Kati ya vitenzi hivyo liliingia neno la tatu, tamaa, lililogeuza msiba kuwa somo la maadili. Mitandao ya kijamii ilichagua upesi, kwa kuwa hukumu fupi husambaa kuliko maelezo marefu. Gazeti lilikuwa na nafasi ya kuchelewa kwa faida, yaani kuuliza mwendesha bodaboda hupata kiasi gani kwa siku, lita chache za petroli zina thamani gani kwake, na kwa nini eneo halikuzungushiwa ulinzi mapema. Maswali hayo hayamwondolei mtu wajibu wake, ila humrudishia sura yake.

Habari ya mtandaoni, hata ile iliyotoka katika chumba cha habari chenye wahariri, ilivutwa zaidi na idadi. Kila namba ilipopanda, kichwa kipya kilitolewa. Idadi ni muhimu, lakini ina tabia moja: ikibadilika, ile ya awali hufutika, na msomaji hubaki na jumla bila watu. Ufuatiliaji ulikuwapo, ila ulipungua kadiri namba zilivyotulia. Aliyeungua na kurudi nyumbani miezi mingi baadaye hakuwa tena habari, kwa sababu hakuongeza chochote katika hesabu.

4.0 Sarufi ya Mlima

Msamvu ipo kando ya barabara, na barabara huonekana. Mtihani mgumu zaidi upo mlimani. Mto Ruvu huanzia Uluguru, na maji yake hutegemewa na Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwaka 2008 misitu ya juu ilipewa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia. Hivyo mkulima wa Uluguru analima jirani na chanzo cha maji ya mamilioni ya watu, na jambo hilo lilitosha kumfanya mhusika wa kudumu katika magazeti.

Uhusika huo ni wa namna gani? Jibu lipo katika vitenzi vya vichwa vya habari. Kichwa cha habari cha Kiswahili kuhusu mikoa kina mifumo miwili iliyozoeleka. Katika mfumo wa kwanza kiongozi ni mtenda: aagiza, ataka, apiga marufuku, atoa siku saba. Katika mfumo wa pili wananchi ni watendwa: watakiwa, waonywa, wahimizwa, wakumbushwa. Mifumo hii ni pande mbili za tukio moja, nalo ni kauli iliyotolewa mkutanoni au ofisini. Aina hii ya habari inaweza kuitwa habari ya kauli. Watu wa mlimani wanapotajwa ndani yake huvishwa mnyambuliko wa kutendwa, na mara chache hupewa kitenzi chao wenyewe.

Mgawo wa maji uliotangazwa Dar es Salaam mwishoni mwa Oktoba 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka, unaonyesha uzito wa sarufi hiyo. Suala lilianzia bombani mjini, likapanda mto, na macho yakaelekezwa kwa wakulima na wafugaji wa juu waliotuhumiwa kuchepusha maji au kuharibu vyanzo. Tuhuma inaweza kuwa na ukweli. Lakini kujua mvua zilinyesha lini Kinole, mfereji fulani umekuwapo tangu lini, na mkulima aliyeambiwa aache bonde alionyeshwa ardhi gani mbadala, kunahitaji mwandishi apande. Habari ya kauli haimdai jasho hilo. Wala kuelezwa na wengine si jambo geni Uluguru: katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta kwa hoja ya kuokoa udongo, hadi upinzani wa mwaka 1955 ulipoukwamisha mpango huo. Wataalamu walikuwa na maelezo ya mlima. Wenye mlima walikuwa na maelezo mengine, yaliyosikilizwa baada ya vurugu.

Ilitarajiwa kwamba teknolojia ya dijiti ingebadilisha hali hii, kwa kuwa mkulima wa Mgeta sasa ana simu yenye kamera. Kilichotokea ni tofauti. Kauli ya kiongozi hurekodiwa kwa dakika mbili, hupandishwa mtandaoni kabla kikao hakijafungwa, na haigharimu nauli. Safari ya mlimani inagharimu siku nzima, na masika huenda ikagharimu mbili. Dawati la mtandaoni linapodai habari nyingi kila siku, uchumi wa kazi huipendelea kauli. Kwa hiyo mtandao umeipa habari ya kauli kasi ambayo karatasi haikuwa nayo, na sarufi yake ya watakiwa na waonywa imezidi kuota mizizi.

5.0 Mwandishi, Leseni na Woga

Lawama haiwezi kuishia kwa mwandishi wa mkoani. Wengi wao hujitegemea: hulipwa kwa habari iliyotumika, hununua vifurushi vya intaneti kwa fedha zao, na habari moja hutakiwa itoe maandishi, picha na video. Anayelipwa kwa idadi atachagua kinachozalisha idadi.

Sheria nayo imegawanya gazeti moja kuwa mawili. Karatasi husimamiwa chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Maudhui ya mtandaoni yapo chini ya kanuni za mwaka 2018, zilizoandikwa upya mwaka 2020, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Aprili 2020 leseni ya mtandaoni ya Mwananchi ilisitishwa kwa miezi sita pamoja na faini ya shilingi milioni 5, kwa sababu ya picha ya Rais iliyodaiwa kuwa ya zamani. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni hiyo hiyo zilisitishwa kwa siku 30 kutokana na video ya katuni iliyotolewa na gazeti dada, The Citizen. Katika matukio yote mawili karatasi iliendelea kuuzwa.

Matukio hayo yanatoa mafunzo mawili. Kwanza, karatasi inayotabiriwa kifo ndiyo iliyobaki ikizungumza mtandao uliponyamazishwa. Pili, mhariri aliyeona adhabu hizo hujifunza kwamba kauli ya kiongozi ni salama, ilhali uchunguzi wa mtandaoni una hatari. Kwa blogu ndogo za mikoani mzigo ulikuwa mzito zaidi: chini ya kanuni za mwaka 2018 ada ya leseni ilikuwa shilingi 1,000,000 kwa mwaka. Kijana wa Morogoro ambaye angeweza kuanzisha kitu kinachofanana na gazeti la mkoa wake alidaiwa fedha hizo kabla ya kupata tangazo la kwanza.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba magazeti ya Kiswahili yamejirekebisha kwa mtandao katika mambo mawili: sura ya ukurasa wa mbele na kasi ya kauli. Katika yote mawili yanashindana na simu pale simu ilipo na nguvu. Msamvu ilithibitisha kwamba thamani ya mwandishi ilionekana alipofanya kazi zisizo za kasi: kutambua, kuhakiki, kuelekeza na kutaja. Uluguru inathibitisha kwamba kazi hizo hazijapewa nafasi katika matoleo ya mtandaoni.

Mapendekezo yanayotokana na hoja hii ni machache na ya gharama ndogo. Chumba cha habari kilipe nauli ya kupanda mlima kabla ya kununua kamera mpya. Habari yenye kitenzi cha watakiwa isichapishwe bila mtu mmoja aliyetakiwa kujibu kwa jina lake na kwa kitenzi cha kutenda. Tukio kubwa litengewe tarehe ya kurudiwa, hata baada ya namba kutulia. Kanuni za leseni nazo zitofautishe kampuni kubwa na mwandishi mmoja wa wilayani. Ada na adhabu zikibaki kama zilivyo na malipo yakibaki kwa idadi ya habari, mwandishi ataendelea kubaki barabarani, na Uluguru itaendelea kusomwa Dar es Salaam siku ambazo bomba limekauka.